Kusoma Picha za Setilaiti Mto Tana Unapofurika

Mafuriko yanapokuja, katika mabaraza ya kutoka Madogo hadi Kipini huulizwa swali moja kwa namna nyingi. Ikiwa kuna mitambo angani inayouona mto wetu wote, kwa nini timu ya tathmini inafika kijijini ikiwa na ramani inayosema kijiji ni kikavu, ilhali watu wamehamia kwenye tuta la barabara na magodoro yao?

Ni swali zito. Siku hizi ramani ya mafuriko husaidia kuamua mashua iende wapi kwanza, mahema yashushwe wapi, na mashamba ya akina nani yaandikwe kuwa yameharibiwa. Mkazi asiyejua jinsi ramani hiyo inavyotengenezwa hawezi kuipinga inapokosea. Pia anaweza kuipuuza inapokuwa sahihi, akabaki ukingoni mwa mto siku mbili zaidi ya inavyofaa. Somo hili ni kwa mkazi wa kawaida, aliye na simu na asiye nayo, ili ajue picha ya setilaiti inaona nini, haioni nini, na yeye mwenyewe anaweza kuongeza nini.

Mto wenyewe kwanza

Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, takriban kilomita 1,000. Maji yake mengi hutoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, mbali sana na sisi. Ndiyo maana Hola inaweza kufurika chini ya anga jeupe lisilo na wingu hata moja. Mvua inakuwa imenyesha Nyeri, Murang'a, Embu au Meru siku nyingi kabla.

Katikati ya safari yake mto hupita mabwawa matano ya umeme: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Masinga, lililokamilika mwaka 1981, ndilo kubwa na ndilo la kwanza kupokea maji. Kiwango chake cha kujaa ni mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari, na likizidi hapo maji ya ziada humwagika. Huku chini tumezoea kusema "wamefungulia maji", na neno hilo lina historia yake. Lakini ni vyema kujua kwamba mito kama Mutonga na Kathita huingia Tana baada ya Kiambere, mahali ambapo hakuna bwawa kubwa la kuyazuia maji yao. Kwa hiyo mto unaweza kupanda Garissa hata kama Masinga bado lina nafasi.

Kutoka Garissa hadi baharini ardhi ni tambarare na mto hujipindapinda. Maji yakifika huku hupunguza mbio na kutanda. Kilele cha mafuriko hupita Garissa na Madogo, kisha siku kadhaa baadaye Hola, na baadaye zaidi Garsen na vijiji vya delta. Kuchelewa huku ndiko kunakotupa muda wa kuhamisha watoto, mbuzi na magunia ya mahindi. Na ndiko kunakofanya tarehe ya picha iwe na uzito kuliko picha yenyewe, jambo tutakalolirudia hapa chini.

Wazee bado wanayasimulia mafuriko ya 1961. Hakuna picha ya Landsat ya mwaka ule, kwa sababu Landsat ya kwanza ilirushwa mwaka 1972. Ya El Niño ya 1997 na 1998 yalipigwa picha na setilaiti chache za wakati huo. Ya Aprili na Mei 2018, ya Novemba 2023 yaliyokata barabara kati ya Madogo na Garissa, na ya Aprili na Mei 2024, yamo kwenye hifadhi za picha zilizo wazi kwa yeyote. Mkazi anaweza kuyaangalia leo akiwa ameketi nyumbani kwake.

Macho ya aina mbili

Setilaiti za kuangalia ardhi zina macho ya aina mbili. Aina ya kwanza hutumia mwanga wa jua kama kamera ya simu. Landsat ya Marekani iko hapa, Sentinel-2 ya Ulaya iko hapa, na Taifa-1, setilaiti ya kwanza ya Kenya ya kuangalia ardhi, iliyorushwa tarehe 15 Aprili 2023, iko hapa pia. Picha zake zinafanana na tunavyoona kwa macho, kwa hiyo ni rahisi kuzielewa: mto ni mstari wa kahawia, miembe ni kijani kizito, barabara ya murram ni uzi mwekundu.

(Hata hivyo pwani yetu si mgeni katika mambo ya anga. Katika Ghuba ya Ungwana, pale pale Tana inapomwaga maji yake, kuna jukwaa la San Marco, na hapo tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa setilaiti iliyopewa jina Uhuru. Hiyo ilitazama nyota, haikutazama mashamba yetu, lakini iliondokea kwetu.)

Udhaifu wa jicho la mwanga ni wingu. Sentinel-2 hupita kwetu kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na katika msimu wa masika mara nyingi saa hiyo anga limekwisha kufunga. Picha ya siku unayoitaka zaidi ndiyo inayokuja ikiwa pamba tupu.

Aina ya pili ni rada. Rada haingoji jua. Inatuma mawimbi yake yenyewe kuelekea ardhini kwa mshazari, kisha inasikiliza ni kiasi gani kimerudi. Mawimbi hayo hupita kwenye wingu na hupita usiku. Sentinel-1, setilaiti ya rada ya Ulaya, huzunguka kwenye kimo cha karibu kilomita 700 na hupita juu yetu alfajiri au jioni. Ramani nyingi za mafuriko ambazo umewahi kuonyeshwa zilitokana nayo.

Ukitaka kuelewa rada, fanya jaribio hili usiku pamoja na watoto. Weka beseni la maji yaliyotulia uani, juu ya udongo. Simama hatua tatu kutoka hapo na umulike tochi kwa mshazari, udongo na beseni vyote vipate mwanga. Udongo utauona, kwa sababu uso wake una mikwaruzo na mabonge, na mwanga unatawanyika kila upande, mwingine ukirudi machoni pako. Maji ndani ya beseni yataonekana meusi. Mwanga wako umeyagonga ukaruka upande wa pili, na aliyesimama upande ule ndiye atakayelalamika kwamba umemmulika usoni. Sasa mwambie mtoto ayatikise maji. Yataanza kumetameta, kwa sababu uso wake si laini tena.

Hiyo ndiyo rada. Maji yaliyotulia hayarudishi kitu, kwa hiyo kwenye picha huwa meusi. Udongo, vichaka na majani ni kijivu. Nyumba za mawe na mabati hung'aa, maana kuta na paa hurudisha mawimbi moja kwa moja. Mtengeneza ramani huchukua picha ya wakati wa kiangazi na picha ya wakati wa mafuriko, akatafuta mahali palipokuwa kijivu na sasa ni peusi. Hapo ndipo anapoandika "maji". Anahitaji picha mbili kwa sababu maziwa ya delta, kama Shakababo na Bilisa, huwa yapo hata kusipokuwa na mafuriko, na yakihesabiwa kama mafuriko hesabu yote inaharibika.

Mahali ambapo rada hukosea

Sehemu hii ndiyo sababu ya somo zima, kwa hiyo isomwe polepole.

Mawimbi ya Sentinel-1 yana urefu wa sentimita 5 na nusu hivi, karibu sawa na upana wa jani la mwembe. Wingu halimsumbui mgeni huyu, lakini majani yanamsumbua sana. Yakikutana na matawi mazito ya miembe, migomba iliyosongamana au msitu wa ukingo wa mto, mengi hutawanywa hapo juu juu na hayafiki chini. Maji yanaweza kuwa kiunoni mwa mtu chini ya miembe hiyo, na rada ikaona miembe tu.

Sasa fikiria vijiji vyetu vingi vya wakulima viko wapi. Viko ukingoni, chini ya miembe. Shamba la wazi lililo nyuma ya kijiji litaonekana jeusi na kuandikwa "maji", na kijiji chenyewe kitabaki kijivu. Mtu aliye Nairobi akiitazama ramani hiyo ataona kisiwa kikavu katikati ya maji, na huenda akapendekeza watu wakimbilie hapo hapo.

Mimea mifupi inayosimama ndani ya maji, kama nyasi ndefu na matete, hufanya kinyume chake. Wimbi huruka kwenye maji, likagonga shina, likarudi kwa setilaiti. Mahali hapo hung'aa kuliko palivyokuwa kabla ya mafuriko. Mtaalamu anayetafuta weusi peke yake ataruka malisho yote yaliyofunikwa, na mfugaji atashindwa kueleza kwa nini ramani inasema malka zake ziko wazi ilhali ng'ombe hawawezi kufika.

Katikati ya mji mambo ni magumu zaidi. Kuta na mabati hung'aa kupita kiasi, na vichochoro vilivyojaa maji kati ya nyumba hupotea ndani ya mng'ao huo. Maji yaliyoingia majumbani katika mtaa uliosongamana ndiyo yanayoonekana kwa shida kuliko yote, na ndiyo yenye watu wengi kuliko yote.

Kuna kosa la upande wa pili pia, la kuona maji mahali pasipo na maji. Mchanga mkavu na laini wa laga, kiwanja cha ndege, na barabara pana ya lami ni laini kama uso wa beseni. Mawimbi huruka na hayarudi. Kwenye picha moja pekee huwezi kutofautisha laga kavu na laga iliyojaa. Mashamba ya mpunga yaliyotiwa maji kwa makusudi huko Bura, Hola na kwenye delta nayo huonekana yamefurika. Na siku ya upepo mkali, ziwa kubwa huweza kukwaruzika uso likaonekana kama nchi kavu.

Wataalamu wanayajua haya yote. Mfumo wa Ulaya wa Copernicus, ambao hutafuta mafuriko wenyewe kila picha mpya ya Sentinel-1 inapoingia, hutenga maeneo ambayo rada haiwezi kuyasemea: misitu mizito, miji, mchanga. Kwenye kompyuta ya mtaalamu maeneo hayo yana alama yake. Shida huanza ramani inapochapishwa upya, ikatumwa kwenye kikundi cha WhatsApp, ikanakiliwa kwenye ripoti, na ile alama ikaachwa njiani. Kinachobaki ni rangi ya buluu penye maji na nyeupe kwingineko. Msomaji huona nyeupe akasema "pakavu".

Nyeupe ina maana mbili. Inaweza kuwa "tumeangalia, hakuna maji". Inaweza kuwa "hapa hatukuweza kuona". Ukionyeshwa ramani ya mafuriko barazani, swali la kwanza kumwuliza afisa ni hilo: kijiji chetu kimeandikwa kikavu, au hakikuonekana? Uliza kwa heshima, lakini usikubali kujibiwa kwa kichwa tu.

Picha ni ya saa ngapi?

Swali la pili ni la tarehe. Sentinel-1 moja hurudi kwenye njia ile ile baada ya siku 12. Zikiwa mbili, siku hizo hupungua hadi 6. Mwishoni mwa mwaka 2021 mojawapo iliharibika, na mwenzake mpya hakurushwa hadi Desemba 2024. Yaani katika mafuriko makubwa ya 2023 na ya 2024 dunia nzima ilitegemea moja tu. Sentinel-2 mbili hurudi kila siku 5, na Landsat mbili za sasa kila siku 8, lakini hizo hutegemea wingu likubali.

Chukua mfano. Setilaiti imepita leo Jumatatu. Kilele cha mafuriko kiko karibu na Garissa. Picha inaonyesha Madogo imezama na Garsen iko salama. Ramani inamfikia chifu wa Garsen siku ya Alhamisi, na imeandikwa kwa herufi kubwa "Hali ya Mafuriko". Kila kitu kwenye ramani hiyo ni kweli, ila ni kweli ya Jumatatu. Maji yale ya Madogo yako njiani. Mwenye kuisoma kama habari ya Alhamisi atalala usingizi ambao hakupaswa kuulala.

Picha husema maji yalikuwa wapi. Haisemi yatafika wapi. Kujua yatakapofika kuna njia nyingine: vipimo vya kina cha mto vilivyoko Garissa na kwingineko, taarifa za mabwawa, utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa, na hesabu za kompyuta kama zile za mfumo wa kimataifa wa utabiri wa mafuriko uitwao GloFAS. Kwa mkazi wa Hola au Garsen, kipimo cha Garissa kikipanda leo ni onyo bora kuliko picha yoyote ya wiki iliyopita.

Pikseli moja ni ekari ngapi?

Picha ya setilaiti imefumwa kwa vijiraba vidogo viitwavyo pikseli, kama mkeka ulivyofumwa kwa ukili. Kila pikseli ina rangi moja tu. Kitu kidogo kuliko pikseli hakiwezi kuonekana peke yake.

Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Pikseli ya Sentinel ni mita 10 kwa 10, yaani mita za mraba 100, kwa hiyo ekari moja ina pikseli kama 40. Pikseli ya Landsat ni mita 30 kwa 30, ekari moja ina nne na nusu hivi. Pikseli kali zaidi ya kifaa cha MODIS, ambacho faida yake ni kupita kila siku, ni mita 250 kwa 250. Pikseli moja ya hapo imemeza zaidi ya ekari 15. Kama una ekari mbili za migomba na jirani zako wana mahindi, nyinyi nyote mmo ndani ya doa moja. Ukiambiwa "picha ya kila siku inaonyesha shamba lako halikuguswa", mwulize aliyesema pikseli yake ni mita ngapi.

Hata zile pikseli 40 za rada si za kuaminiwa moja moja. Picha ya rada ina chengachenga za kiasili, nyeupe na nyeusi, kama chumvi na pilipili iliyomwagwa. Mtaalamu huzilainisha kwa kuchukua wastani wa pikseli jirani. Kwa eneo la kata nzima hilo halina madhara. Kwa shamba moja la robo ekari, ramani ya rada peke yake si ushahidi wa kumnyima mtu, wala wa kumpa.

Kwa nini maji ya Tana humchanganya mtaalamu

Kwa picha za mwanga kuna hesabu inayotumika sana kutafuta maji. Maji hurudisha mwanga wa kijani kidogo, na karibu yote ya infraredi, ule mwanga usioonekana ulio baada ya wekundu, huumeza. Majani hufanya kinyume: hurudisha infraredi kwa wingi. Basi tunachukua kijani, tunatoa infraredi, kisha tunagawanya kwa jumla ya vyote viwili. Jibu likiwa juu ya sifuri, kuna uwezekano ni maji. Likiwa chini ya sifuri, ni ardhi au mimea.

Tufanye kwa tarakimu za mfano. Ziwa safi: kijani 0.08, infraredi 0.03. Tofauti ni 0.05, jumla ni 0.11, jibu ni 0.45. Maji. Shamba la migomba: kijani 0.06, infraredi 0.36. Tofauti ni 0.30 chini ya sifuri, jumla ni 0.42, jibu ni 0.71 chini ya sifuri. Mimea, bila shaka.

Sasa chukua Tana wakati wa mafuriko, maji mazito ya rangi ya chai ya maziwa. Udongo ulio ndani yake unarudisha mwanga wote, infraredi pia. Kijani 0.12, infraredi 0.11. Jibu ni 0.04 tu, karibu na sifuri, na kompyuta iliyoambiwa kutafuta maji yenye jibu kubwa itaruka mto mzima. Dawa yake ni kubadilisha infraredi ya karibu kwa infraredi ya mawimbi marefu zaidi, ambayo maji huimeza hata yakiwa na matope. Ikiwa hapo tunapata 0.02, jibu linapanda hadi 0.71. Sentinel-2 na Landsat zote hupima infraredi hiyo. Kwa hiyo mtaalamu aliyezoea maziwa ya Ulaya akitutengenezea ramani, kuna haja ya mtu wa huku kumkumbusha mto wetu una rangi gani.

Fungua mwenyewe

Picha za Sentinel na za Landsat hazilipiwi. Ukiwa na simu yenye bando, au ukienda kwa kijana mwenye kompyuta, fungua tovuti ya Copernicus Browser. Andika jina Garsen kwenye kisanduku cha kutafuta, halafu chagua Sentinel-2 na tarehe ya kiangazi yenye anga safi, kwa mfano Februari. Tulia kwanza utambue mahali: daraja, barabara ya kwenda Lamu, ziwa la Shakababo, mikunjo ya mto. Usikimbilie mafuriko kabla hujajua nyumbani pako panavyoonekana kutoka juu. Wengi hukosea hapa.

Kisha badilisha uende Sentinel-1, na utafute tarehe za mwisho wa Aprili hadi katikati ya Mei 2018, kisha Novemba na Desemba 2023, kisha Mei 2024. Si kila siku ina picha. Linganisha weusi wa picha hizo na wa Februari. Weka kidole kwenye kijiji chako, jiulize: siku ile maji yalifika wapi kwa kumbukumbu yangu, na picha inasemaje? Ukiona picha inakubaliana nawe penye mashamba ya wazi lakini inakataa penye miembe, umeshajifunza sehemu kubwa ya kazi hii.

Kwa mtazamo mpana wa kila siku, tovuti ya NASA iitwayo Worldview hufunguka haraka hata penye mtandao dhaifu kidogo. Haitakuonyesha shamba, lakini utaiona delta nzima ikibadilika rangi kutoka wiki hadi wiki, na baada ya maji kupungua utaona ukijani unavyofuata mkondo ule ule. Wakulima wa mpunga na wafugaji wanaelewa ukijani huo una maana gani. Mafuriko huvunja nyumba, na mafuriko hayo hayo huleta rutuba, nyasi na samaki. Picha za miezi miwili baada ya maji zinafaa kutazamwa kwa makini sawa na za wakati wa maji.

Ukirudi nyuma kwenye Landsat za miaka ya 1980, utaona pia kwamba mto wenyewe umehama. Mikunjo iliyokuwa na maji imekatika ikawa vidimbwi vya upinde. Asiyejua hilo hujenga kwenye mkondo wa zamani kwa sababu ni bondeni penye rutuba, kisha mto ukifurika hurudi kwenye njia yake ya awali.

Upande wa rada mambo yanaendelea kuboreka. Julai 2025 Marekani na India zilirusha setilaiti iitwayo NISAR, ambayo moja ya rada zake ina mawimbi ya urefu wa sentimita 24 hivi. Mawimbi marefu hupenya majani vizuri zaidi kuliko ya Sentinel-1. Kwa vijiji vilivyo chini ya miembe, hiyo ni habari ya kufuatilia.

Ushahidi wa chini

Ramani inayokosea husahihishwa kwa ushahidi wa ardhini, na ushahidi huo hakuna anayeweza kuukusanya ila mkazi. Nairobi kuna Kituo cha Kikanda cha Ramani za Rasilimali kwa Maendeleo, kilichoanzishwa mwaka 1975, na kuna mkataba wa kimataifa ambao tangu mwaka 2000 mashirika ya anga hutoa picha bure nchi inapopatwa na janga. Wote hao wanahitaji mtu wa kuwaambia: hapa mmeona sawa, hapa mmekosea.

Kinachofaa ni kitu chenye mahali, tarehe na kipimo. Maji yakiwa yamefika ukutani, subiri yatulie, kisha weka alama ya mkaa au msumari pale yalipofikia juu zaidi na uandike tarehe. Yakishuka, pima kutoka sakafuni hadi kwenye alama kwa futi ya fundi au kamba utakayoipima baadaye. Ukipiga picha kwa simu, washa huduma ya mahali kwanza ili picha ibebe nambari za mahali ilipopigwa, na simama ili kitu kisichohama kionekane: mnara wa msikiti, paa la shule, mwembe mkubwa unaojulikana. Picha ya maji matupu inaweza kuwa ya mahali popote, ya mwaka wowote.

Usiingie kwenye maji yanayokwenda ili kupata picha nzuri, wala usimtume mtoto. Hakuna kipimo kinachostahili hilo.

Mzee wa kijiji aorodheshe nyumba zilizoingiwa na maji kwa jina la mtaa na tarehe ya kwanza ya maji kuingia, na vilevile zile zilizobaki kavu. Orodha ya kavu ina thamani sawa, kwa sababu mtaalamu akiona kijiji kimekubali kwamba nusu yake haikuguswa, ataamini nusu nyingine. Nakala moja ibaki kijijini, nyingine ipelekwe kwa chifu na kwa msimamizi wa wadi. Timu ya tathmini ikija na ramani yake, ramani na orodha ziwekwe mezani pamoja, na kila mahali zinapotofautiana patembelewe kwa miguu au kwa mtumbwi kabla ya kuandikwa lolote.

Alama za ukutani zipimwe mapema. Mvua ya wiki ijayo huzifuta, na mwenye nyumba akipaka chokaa hazipo tena.